Kitivo cha Mabishano

Mtaa wa Lumumba, 1961

Chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilifunguliwa ndani ya jengo la chama cha siasa. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wanafunzi 14 waliingia kwenye jengo la TANU katika Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kuanza kusoma. Hapakuwa na kitivo kingine chochote. Wote walikuwa wanafunzi wa sheria.

Leo mtu anaweza kushangaa kwa nini nchi yenye upungufu mkubwa wa madaktari na wahandisi ianze na sheria. Jibu liko kwenye ukoloni wenyewe. Serikali za Kiingereza Afrika Mashariki hazikupenda kusomesha mawakili Waafrika. Kijana mwenye akili alielekezwa Makerere akasome udaktari, ualimu au kilimo, na Makerere yenyewe haikuwa na kitivo cha sheria. Aliyetaka kuwa wakili ilimbidi apande meli hadi London, akae miaka kadhaa kwa gharama ambayo wazazi wengi wasingeiona hata ndotoni. Wakoloni walijua walichokuwa wakikikwepa: India na Afrika Magharibi mawakili walikuwa wamewasumbua. Ndiyo maana Uhuru ulipobisha hodi, wanasheria Waafrika wa Tanganyika walihesabika kwa vidole, na nchi ilihitaji mahakimu, waandishi wa miswada, na watu wa kusoma mikataba kabla haijatiwa saini.

Kwa hiyo Dar ikawa shule ya sheria ya Afrika Mashariki nzima. Wakenya walikuja, Waganda walikuja. Shahada ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London, na vitabu vingi vilikuwa vya kesi za Waingereza. Mkuu wa kwanza wa kitivo, A. B. Weston, pamoja na wahadhiri vijana kama William Twining, hawakuridhika na hali hiyo. Waliona sheria haifundishiki kama sala ya kukariri. Mwanafunzi aanze na jamii yake, aulize kanuni hii ilitoka wapi, inamfaa nani. Huo ndio mlango ambao baadaye watu wengi walipita, wengine wakiwa na nia ambazo Twining hakuziwazia.

Jambo moja la miaka hiyo halikupewa uzito wake. Katiba ya Uhuru haikuwa na Hati ya Haki za Binadamu, na mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Mwanafunzi wa sheria alifundishwa asubuhi kwamba jaji ana uwezo wa kuamuru mfungwa aletwe mbele yake. Jioni alisoma gazetini juu ya sheria iliyomnyima jaji huyo neno la kusema. Na darasa lenyewe lilikuwa la kupanga. Mwenye nyumba alikuwa chama.

Oktoba 1966: maandamano ya Ikulu

Mwaka 1964 chuo kilihamia kwenye kilima nje ya mji, na tangu hapo watu wakasema Mlimani tu, wakaeleweka. Mandhari mazuri, upepo wa bahari, vyumba vyenye watumishi wa kufua na kutandika. Wakulima waliolipia yote hayo walikuwa wakipalilia kwa jembe la mkono.

Mwaka 1966 serikali ilitangaza kwamba wahitimu wote watapitia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi michache kambini, kisha kazini wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao mekundu ya chuo. Baadhi ya mabango yalisema ukoloni ulikuwa afadhali. Nadhani hapo ndipo walipoharibu, maana walikuwa wakimpelekea maneno hayo mtu aliyeutoa ukoloni.

Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akazungumza kwa hasira ambayo waliokuwepo hawakuisahau. Aligusa mishahara, akaanza na wake: akaupunguza kwa asilimia 20 papo hapo. Kisha akawafukuza. Karibu wanafunzi 400, wa chuo na wa taasisi nyingine, walirudishwa makwao.

Wengi walisamehewa mwaka uliofuata. Lakini siku ile iliacha mambo mawili. La kwanza, ilimsukuma Nyerere kuelekea Azimio la Arusha la Februari 1967, lililoiweka nchi kwenye njia ya ujamaa, kwa kuwa alikuwa ameiona kwa macho yake sura ya tabaka jipya likidai haki yake ya kula. La pili, iliweka kanuni isiyoandikwa: mwanafunzi anaweza kusema, ila mwenye nyumba ndiye anayeamua kama alichosema ni hoja au ni utovu wa adabu. Kwa kuwa madai ya 1966 yalikuwa ya ubinafsi, watu wachache waliisikitikia kanuni hiyo. Ilikuja kuwauma wale waliokuwa na madai tofauti kabisa.

1967–1969: wasomi wa upande wa kushoto

Mwezi mmoja baada ya Azimio, Machi 1967, mkutano uliitishwa Mlimani kujadili chuo kikuu kifanye nini katika nchi ya kijamaa. Wapo waliotaka kila mhadhiri awe mjamaa. Wengine waliona kwamba chuo kikimwajiri mtu kwa imani yake kitakuwa kimejifunga kamba shingoni. Mkutano uliishia kwenye mapatano ya katikati, likaanzishwa somo la pamoja kwa wanafunzi wote kuhusu jamii na maendeleo, ambalo baadaye lilikua hadi kuwa kile kizazi kilichofuata kilikiita DS.

Mwishoni mwa mwaka huo wanafunzi waliunda umoja wao wa kimapinduzi wa Afrika, USARF. Mwenyekiti alikuwa Yoweri Museveni, Mganda aliyekuwa akisoma siasa na uchumi. Walikutana Jumapili asubuhi, wakati wenzao wakiwa kanisani au wamelala, wakisoma Fanon, Marx na Lenin na kubishana. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa mlezi wao bila cheo.

Macho yao hayakuchelewa kutua kwenye Kitivo cha Sheria, na sababu ilikuwepo. Kwa mjamaa wa 1968, sheria ilikuwa ulinzi wa mali ya mwenye mali. Mikataba, hati za ardhi, kampuni: yote yameandikwa na waliotutawala. Isitoshe, baadhi ya wahadhiri walilipwa kwa fedha za Kimarekani, zikiwemo za Ford Foundation, wakati ambapo Marekani ilikuwa ikiipiga Vietnam. Mwaka 1969 wanafunzi wa mrengo huo walikiandama kitivo wakidai mtaala ubadilike. Wahadhiri ambao tayari walikuwa wakijaribu kufundisha sheria ndani ya jamii walijikuta wakiitwa watumishi wa ubeberu.

Mtaala ulibadilika kweli, na kwa sehemu kubwa ulibadilika kwa heri. Historia na uchumi viliingia darasani. Mwanafunzi wa sheria ya ardhi alisoma jinsi mkulima alivyonyang'anywa shamba kabla ya kusoma kifungu kilichohalalisha unyang'anyi huo. Kamati ya msaada wa sheria ya kitivo iliwapa watu wa mjini, wapangaji na vibarua, ushauri bila malipo. Willy Mutunga, kijana wa Kikenya aliyehitimu hapo mwaka 1971, alitoka na sheria ya namna hiyo kichwani. Miaka 40 baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, baada ya kupitia kizuizini mwaka 1982.

Cheche, 1969–1970

Novemba 1969 USARF na Vijana wa TANU wa hapo chuoni walianza kutoa jarida. Waliliita Cheche, jina lililokumbusha gazeti la Nkrumah na lile la Lenin.

Inafaa kulitazama kwa karibu, maana siku hizi jarida ni kubofya tu. Makala zilipigwa taipu juu ya stensili, karatasi laini ya nta ambayo ukikosea herufi unapaka dawa, unangoja ikauke, unapiga tena. Stensili ikikunjwa, ukurasa mzima umekwenda. Kisha mashine ya kurudufu inazungushwa, wino unaingia kwenye kucha, kurasa zinatandazwa mezani, watu wanazunguka meza wakiokota moja moja na kuzibana kwa pini. Wahariri, akina Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, walifanya hayo huku wakiwa na mitihani.

Kasoro yao moja siwezi kuipita kimya. Jarida lenye jina la Kiswahili, lililosema kwa niaba ya wafanyakazi na wakulima, liliandikwa karibu lote kwa Kiingereza. Mkulima wa Kilosa asingeweza kulisoma hata kama lingefika kwake.

Lakini serikali iliweza. Septemba 1970 toleo maalumu lilibeba insha moja ndefu ya Issa Shivji, kijana mzaliwa wa Kilosa aliyekuwa ndio kwanza amemaliza shahada ya sheria hapo Mlimani. Hoja yake ilikuwa kali kwa sababu haikuupinga ujamaa. Iliuliza ujamaa uko wapi. Benki zimetaifishwa, sawa, lakini nani anaziendesha? Mashirika ya umma yana mikataba ya menejimenti na kampuni zilezile za nje. Na ndani ya nchi, alisema, linaota tabaka la wakubwa wa ofisi wanaotumia mali ya umma kama yao, huku mapambano kati yao na wavuja jasho yakiendelea kimyakimya.

Mabango ya 1966 yalikuwa yameidai serikali starehe. Insha hii iliidai serikali itimize Azimio lake yenyewe, na madai ya namna hiyo ni magumu zaidi kuyajibu. Desemba 1969 Rodney alikuwa amekwisha kuonja kidogo, pale gazeti la chama lilipomkemea kwa tahariri baada ya hotuba yake kuhusu mapinduzi ya Afrika. Safari hii haikuwa tahariri. Novemba 1970 USARF ilipigwa marufuku na Cheche ikafungwa. Sababu zilizotolewa ni kwamba Vijana wa TANU wanatosha, na kwamba jina la Cheche linawafanya watu wadhani Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi.

Wahariri waliandika toleo la mwisho kujibu, wakatii, kisha wengi wao wakahamia kwenye jarida jipya la Vijana wa TANU lililoitwa MajiMaji. Jina hilo halikuweza kushutumiwa kuwa la kigeni. Museveni alikuwa amekwisha hitimu na kurudi Uganda. Shivji alikwenda London kwa shahada ya pili, akarudi kufundisha sheria pale pale.

Julai 1971: barua ya Akivaga

Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilisimama peke yake baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichokuwa kimekijumuisha, kuvunjwa. Makamu wa kwanza wa Mkuu wa Chuo alikuwa Pius Msekwa, aliyetoka moja kwa moja kwenye utendaji mkuu wa TANU. Chama sasa kilikuwa ndani ya ofisi ya utawala.

Februari 1971, baada ya Idi Amin kupindua Uganda, TANU ilitoa Mwongozo, uliowataka viongozi waache ubwana na majivuno na wakubali kukosolewa na walio chini yao. Viwandani wafanyakazi waliuchukua kwa uzito wakaanza kuwafungia nje mameneja. Mlimani Symonds Akivaga, Mkenya na rais wa umoja wa wanafunzi, DUSO, aliuchukua kwa uzito vilevile. Julai aliandika barua ya wazi akimtuhumu Msekwa kwa uongozi wa kibwana, akitumia lugha ya Mwongozo wenyewe.

FFU, polisi wa kutuliza ghasia, walifika. Watu wa Dar wana tafsiri yao ya herufi hizo: Fanya Fujo Uone. Akivaga alichukuliwa chini ya mtutu wa bunduki mbele ya wenzake, akapelekwa uwanja wa ndege, akarudishwa Kenya. Wanafunzi wakagoma, na safari hii wahadhiri wengi walisimama nao. Ndiyo tofauti kubwa na 1966. Mwaka ule wanafunzi walikuwa peke yao. Sasa walimu waliona kwamba kinachowafika wanafunzi hakiko mbali na mlango wao. Wanasheria hasa walikuwa na swali rahisi la darasani: mtu huyu alishtakiwa kwa nini, mbele ya nani, na alijitetea lini?

Miaka ya 1970: mabishano ndani ya nyumba

Ni rahisi kuisimulia historia hii kana kwamba dola ilikuwa upande mmoja na uhuru upande mwingine. Haikuwa hivyo. Ndani ya kitivo chenyewe, wale waliozibwa mdomo mwaka 1970 walikuwa wakipata nguvu, na si wote walioitumia vizuri.

Yash Ghai, Mkenya aliyefundisha hapo tangu 1963 na kuwa mkuu wa kitivo wa kwanza mwenyeji wa Afrika Mashariki, aliondoka mwaka 1971. Baadaye aliandika juu ya miaka hiyo bila kejeli wala uchungu mwingi. Alikubali kwamba Umaksi uliwafungua macho. Kilichomsumbua ni pale ulipogeuka kuwa kipimo cha mtu. Mhadhiri aliyesema kwamba utaratibu wa mahakama una thamani yake, kwamba dhamana au haki ya kusikilizwa humlinda mnyonge pia, alionekana amebaki nyuma. Ikiwa sheria ni chombo cha mabepari tu, kwa nini mwanafunzi apoteze usiku akisoma vifungu? Matokeo yake, anasema, wengine walihitimu wakiwa hodari wa kuichambua dola na dhaifu wa kuandika hati ya mashtaka.

Nakubaliana naye nusu. Nusu nyingine inanizuia kwa sababu ya mabishano ya 1976 na 1977. Shivji alitoa kitabu chake juu ya mapambano ya kitabaka Tanzania. Dan Nabudere, mwanasheria wa Kiganda aliyekuwa akifundisha kitivo hichohicho, akamjibu kwa ukali, akisema adui mkuu ni mtaji wa kifedha wa kibeberu na kwamba kuliita kundi la maofisa tabaka linalotawala ni kumficha bwana halisi. Mahmood Mamdani aliingia, Karim Hirji aliingia, Yash Tandon aliingia na ndiye aliyeyakusanya maandishi yote kuwa kitabu mwaka 1982. Matusi ya kinadharia yalitumika bila haya. Lakini hakuna aliyeita polisi. Kwa nchi yenye chama kimoja, iliyokuwa na magazeti makubwa ya serikali na ya chama tu, hapo palikuwa mahali nadra ambapo watu wawili walitofautiana hadharani juu ya nani anayeitawala nchi.

Kisha historia ikawapa mtihani wa vitendo. Majeshi ya Tanzania yalipomwondoa Amin mwaka 1979, Nabudere na Tandon walivuka ziwa kwenda kuwa viongozi. Nabudere akawa waziri wa sheria Kampala. Serikali ile ilidumu mwaka mmoja na ushei tu kabla ya Tume ya Kijeshi kuichukua nchi, Mei 1980, na Nabudere akawa mkimbizi tena. Katika kurasa zote zile za mabishano juu ya tabaka na ubeberu, wanajeshi walikuwa wamepewa nafasi ndogo sana.

1978 hadi 1990: kuirudia sheria

Nyumbani mwenye nyumba alikuwa hajabadilika. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza za marupurupu ya mawaziri na wabunge. Madai yalikuwa kinyume kabisa na yale ya 1966, lakini adhabu ilikuwa ileile: karibu 350 walifukuzwa. DUSO ikavunjwa na pakaundwa MUWATA, umoja wa wanafunzi ulio chini ya chama. Mtu akiyaweka matukio haya mawili pamoja anaona kwamba yaliyokuwa yameandikwa kwenye mabango hayakuwa na uzito mkubwa.

Funzo hilo liliwapata walimu wa sheria polepole. Mwaka 1984 Katiba ilirekebishwa, Hati ya Haki ikaingizwa kwa mara ya kwanza, ingawa mahakama ziliruhusiwa kuitumia kuanzia Machi 1988 tu. Mwaka 1986 kitivo kiliadhimisha miaka 25, na kitabu kilichotokana na maadhimisho, kilichohaririwa na Shivji, kilijadili mipaka ya siasa kali za kisheria. Ghai alichangia humo. Watu walewale waliowahi kukiona kifungu cha katiba kuwa pambo la mabepari sasa walikaa wakikisoma neno kwa neno, wakitafuta penye mwanya. Mwaka 1989 Shivji alitoa kitabu kuhusu haki za binadamu Afrika, akisisitiza kwamba haki ya watu kujikusanya na kujipanga wenyewe ndiyo mhimili.

Tarehe 19 Aprili 1990 wajumbe wa jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya juu nchini walikutana katika hoteli ya Silversands, Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam. Walipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Limeandikwa kama waraka wa kisheria, lenye ibara zinazotaja haki ya kufundisha, kutafiti na kusema, haki ya chuo kujitawala, na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Hiyo sehemu ya wajibu ina alama ya Mlimani: vyuo vingi duniani hudai uhuru tu, hawa waliongeza deni wanalodaiwa na mkulima. Novemba mwaka huohuo wasomi wa bara zima walikutana Kampala wakatoa azimio linalofanana.

Wino wa Silversands ulikuwa bado mbichi. Mei 1990 wanafunzi waligomea masomo wakidai kukutana na Rais Mwinyi, ambaye ndiye aliyekuwa pia mkuu wa chuo. Serikali ikafunga chuo, ikawarudisha wanafunzi makwao hadi mwaka uliofuata.

1991: tume

Chuo kilipofunguliwa upepo wa vyama vingi ulikuwa umeshaanza kuvuma. Kufikia Julai 1992 chama kimoja kilikuwa kimekwisha kisheria. MUWATA ilipotea, ukazaliwa umoja mpya wa wanafunzi, DARUSO. Na mnamo 1991 Rais yuleyule aliyekifunga chuo alimteua Profesa Shivji kuongoza tume ya kuchunguza migogoro ya ardhi.

Tume ilizunguka nchi nzima. Iliweka meza chini ya miti na kwenye madarasa ya shule za msingi, ikawaacha watu waseme, kwa Kiswahili, juu ya mashamba waliyohamishwa wakati wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, juu ya wafugaji na mashamba makubwa, juu ya wakubwa waliojimegea viwanja. Hapakuwa na stensili wala haja ya kumtafsiria mtu neno tabaka.

Ripoti ilikabidhiwa mwishoni mwa 1992. Pendekezo lake kubwa lilikuwa kuiondoa ardhi yote ya nchi mikononi mwa Rais kama mdhamini na kuipa misingi ya kikatiba, ya vijiji ikiwa chini ya mikutano ya vijiji. Serikali ililikataa, na sheria za ardhi za 1999 ziliiacha ardhi pale ilipokuwa, kwa Rais. Ila ripoti haikufungiwa. Ilichapishwa mwaka 1994 na wizara ya ardhi yenyewe, kwa ushirikiano na taasisi ya Uppsala, Sweden, kwa Kiingereza.